Nang Sidring, Malkia wa Shupaza, Anastaafu na Woga Wake

Ijumaa ya tarehe 28 Novemba 2014, kengele ya saa kumi na moja jioni itakapolia, Bi Isidra Jaspe atavua aproni yake ya kijani, ataitundika kwenye msumari wake, na hataivaa tena. Atakuwa amekitumikia Kiwanda cha Karata cha Tabanda kwa miaka thelathini na mitatu, miezi mitano na siku ishirini. Amezihesabu mwenyewe, mara tatu. Humu ndani hakuna anayemwita Bi Isidra. Kuanzia mlinzi wa getini hadi Bwana Tabanda mwenyewe, kwetu sote yeye ni Nang Sidring, maana kwetu mkubwa huitwa kwa heshima nang akiwa mwanamke, nong akiwa mwanamume.

Kamati ya sherehe imenitaka niandike wasifu huu, tena imenisisitizia uwe wa kuchangamsha. Nimejitahidi. Lakini mtu hawezi kuandika habari za mwokaji akauacha unga nje, na mimi siwezi kuandika habari za Nang Sidring nikauacha woga. Ndiyo kazi yake, ndiyo sifa yake, na kama nitakavyoeleza, ndiyo sababu mkono wangu wa kulia unaoshika kalamu hii bado una vidole vitano.

Wageni kiwandani wajue tu kwamba Nang Sidring anaogopa radi, mbwa, lifti, mafuta yanayochemka, na mtu anayecheka peke yake. Barabara ya mbele ya kiwanda haivuki mpaka atokee mtawa wa kuvuka naye, kwa imani kuwa hakuna dereva wa Jaro, mji wetu, atakayethubutu kumgonga mtawa. Amewahi kuchelewa kazini saa nzima kwa sababu watawa walikuwa kwenye mafungo. Maiti ndiyo usiseme. Na mashine yangu ya kukatia karata, kwa miaka mingi alikuwa akiipita kwa mbali, mgongo ukutani, kama watu wapitavyo kwenye ukingo wa kisima.

Aliajiriwa tarehe 8 Juni 1981 kufunga pakiti. Katika mwezi wake wa tatu akafanya kosa ambalo hajawahi kulificha: aliachia pakiti moja ikatoka ikiwa na tisa ya kopa mbili. Pakiti ile ikaishia matangani huko Oton, watu wakicheza ili kumkeshea marehemu, na zile tisa mbili zilipotua mezani pamoja, mtu mmoja asiye na hatia akaitwa mwizi na kuchomwa kisu cha mkono. Hakufa. Nang Sidring alimpelekea uji hospitalini siku kumi na moja mfululizo, akiwa ameketi mlangoni kwa kuwa aliogopa kuingia.

Tangu hapo akawa mtu wa kuhesabu. Mwaka 1984 alipandishwa kuwa mkaguzi wa mwisho, maana yake hakuna karata inayotoka getini bila kupita chini ya kidole gumba chake. Karata hamsini na mbili kwa sekunde kumi na tisa. Hesabu ya kwanza ni ya idadi, ya pili ni ya kuangalia sura, na ya tatu, akiulizwa, husema ni ya Shetani, kwani yeye ndiye hupenda kuongeza karata moja mtu akishajiamini. Katika miaka thelathini na mitatu, baada ya lile la Oton, tumepokea barua moja tu ya malalamiko kuhusu pakiti pungufu. Ilikuwa mwaka 1996, na mlalamikaji aligundulika kuwa ameikalia karata yenyewe.

Sasa nifike kwenye zile karata zilizolipa jina kiwanda hiki.

Mwaka 1988 Bwana Tabanda alimwendea Nong Melecio Gumban, mchoraji wa rangi za maji ambaye watu walimjua kwa michoro yake ya mvua, akamwomba amchoree pakiti nzima, karata kwa karata. Nong Melecio aliweka meza kwenye baraza ya kiwanda, akachora miezi minane. Karata za namba alizipa samaki, vikapu, mianzi na majogoo. Kwa zile kumi na mbili za sura alikataa katakata kuchora wafalme wa kubuni. Alisema wafalme hajawahi kukutana nao, lakini majirani anao. Basi akatuchora sisi. Muuza vitambaa wa sokoni akawa Malkia wa Kopa, mpiga kinanda wa kanisani akawa Mfalme wa Uru, na kadhalika.

Nang Sidring alikuwa Malkia wa Shupaza. Aliketi kwenye kiti cha kuchorwa kama mtu aliyeitwa polisi.

“Nang Sidring, tulia basi,” Nong Melecio alimwambia. “Nakuchora tu, sikung'oi jino.”

“Naona kama kuna mtu nyuma yako, Nong.”

“Nyuma yangu kuna ukuta.”

“Ndiyo, lakini nyuma ya ukuta?”

Nong Melecio akaacha kubishana na akayachora macho yale yalivyo. Mpaka leo, katika mji wetu, mchezaji akigawiwa Malkia wa Shupaza hugeuka kwanza kutazama nyuma, ndipo apange karata zake. Wenzake wote hujua anayo. Ni karata mbaya sana kwa mchezo, na ndiyo inayopendwa kuliko zote.

Mimi nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mmoja, fundi mpya wa mashine ya kukatia, na nikawa Ghulamu wa Pau. Mjomba wangu Porfirio Jalbuena, aliyekuwa akipika supu ya tambi na maini kwenye kibanda mkabala na geti, akawa Mfalme wa Pau. Tulichorwa alasiri moja, kwa kopo moja la rangi ya buluu, na pua yetu ni moja, ya ukoo. Nong Melecio alikataa pia kuweka herufi kwenye pembe za karata za sura. Alisema rangi ya maji haipendi kuandikwa usoni. Kwa hiyo kilichotutofautisha mimi na mjomba ni kwamba yeye alivaa taji la makuti, na mimi kofia ya mkulima. Naomba msomaji akumbuke jambo hilo.

Mwaka 1991 Malkia wa Kopa alifariki. Watoto wake wakaja kiwandani kuomba karata ya mama yao, alale nayo. Bwana Tabanda akatoa pakiti mpya, akamtuma Nang Sidring, na hapo utaratibu ukazaliwa bila mtu kuutunga. Pakiti hufunguliwa mbele ya wafiwa. Karata ya marehemu hutolewa, hutiwa kwenye bahasha, bahasha hugandishwa kwa gundi, na kuwekwa chini ya mikono yake. Hamsini na moja zinazobaki hurudi kiwandani, hufungwa kwa uzi, na kuwekwa kwenye rafu na jina lake. Pakiti ile haichezwi tena.

Watu wetu ndio haohao wanaoikata rozari mikononi mwa marehemu ili kifo kisiwe mnyororo wa kuvuta wengine. Kwa hiyo haikuchukua muda ikajulikana, bila kuandikwa popote, kwamba ole wake yule ambaye karata yake itakwenda kaburini na mtu mwingine. Ataitwa na mauti kabla ya kwisha siku tisa za sala za msiba. Mimi siamini mambo haya. Nataka hilo lieleweke kabla sijaendelea.

Kazi hiyo ya bahasha aliifanya Nang Sidring mara tano bila dosari, kila mara akiwa amefumba macho. Alikuwa akiingia chumba cha matanga, anapapasa ukingo wa jeneza, anasukuma bahasha chini ya mikono ya marehemu, kisha anatoka akiwa mweupe kama karatasi yetu ya daraja la kwanza.

Machi 2003 mjomba Porfirio alianguka kando ya sufuria yake, na hakuinuka. Nang Sidring alikuwa amekula kwake kila mchana kwa miaka zaidi ya ishirini. Mjomba alikuwa akimwekea maini ya ziada bila kuombwa, na kumpulizia supu ipoe kwa kuwa alijua anaogopa kuungua. Asubuhi ya mazishi alifika nyumbani kwa wafiwa saa nne, miwani imejaa ukungu wa machozi. Akafungua pakiti mbele ya shangazi Conching, mjane wake, na mama yangu, akatoa karata, akaitia kwenye bahasha, akagandisha, akafumba macho, akaweka. Kila mtu alikuwa akilia, na hakuna aliyetazama kilichoingia kwenye bahasha. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza tangu Oton, Nang Sidring hakuhesabu.

Mtu akitoka msibani haendi nyumbani moja kwa moja. Lazima apitie mahali pengine kwanza, akipoteze kile kinachomfuata. Wengine hupitia dukani kununua mkate. Nang Sidring hupitia kiwandani. Akaketi kwenye meza yake, peke yake, kwa kuwa sote tulikuwa mazishini. Akatoa karata zilizobaki ili azifunge uzi, na kidole gumba kikaanza chenyewe. Hamsini na moja. Akashusha pumzi.

Idadi ilikuwa sahihi. Akaanza hesabu ya pili, ya sura. Alipofika kwenye pau, akapita kumi, akapita malkia, kisha mjomba Porfirio akamtazama, taji lake la makuti kichwani. Ghulamu hakuwapo.

Aliniambia baadaye kwamba hakupiga kelele. Aliinua macho akatazama saa ya ukutani. Saa ilikuwa saba na nusu. Saa tisa jeneza lingeingizwa kaburini na saruji kuziba mdomo wake, na hakuna mtu hata mmoja duniani ambaye angejua. Angefunga uzi, angeweka rafuni, basi. Kama angesema, angepaswa kusimama mbele ya shangazi Conching, ambaye hata mapadri walimwogopa. Angepaswa kumwambia mama yangu. Huenda angefukuzwa kazi. Na kama asingesema, angebaki na hesabu ya siku tisa. Huku woga, kule woga. Akausikiliza ule uliobeba uhai wa mtu.

Walinzi wa maduka wanasimulia mpaka leo kwamba siku ile Nang Sidring alivuka barabara bila mtawa. Mbwa wa fundi viatu alimfukuza, na aliyeachwa nyuma ni mbwa.

Makaburini tulikuwa tumeshusha jeneza ili lifunguliwe kwa kutazamwa mara ya mwisho. Nilikuwa mmoja wa wabebaji. Nikasikia sauti ambayo sikuitambua, kwa sababu sikuwahi kumsikia akiipaza.

“Subirini! Msifunge!”

Padri akatazama juu. “Nang Sidring, mvua hiyo inakuja. Kuna nini?”

“Padri, nimekosea. Aliyemo humo siye.”

“Siye?” Shangazi Conching aligeuka polepole. “Nimelala na huyu mwanamume miaka arubaini, leo uje uniambie siye?”

“Mwili ni wake, Nang Conching. Karata siyo.” Akashika ukuta wa kaburi la jirani ili asianguke. “Nimemwekea Toto Elmo.”

Toto Elmo, yaani kijana Elmo, ni mimi. Watu wapatao mia mbili wakageuka kunitazama, na wale waliokuwa karibu nami wakasogea nyuma hatua moja, kwa adabu. Nimesema siamini mambo haya, nami nasimama kwenye neno langu, lakini ukweli ni kwamba nilijisikia baridi kuanzia kwenye nyayo, kama mtu anayeingia mtoni taratibu.

Mama yangu alipiga yowe. “Itoe! Itoe mwanangu humo!”

“Ameshakaa naye saa nne,” mtu akanong'ona nyuma. “Basi tena.”

“Koma na mdomo wako huo!” mwingine akamjibu. “Unamwita kwa nini?”

Binamu yangu akanyoosha mkono kuingia jenezani. Shangazi akaupiga kofi. “Mkono uliotia ndio utakaotoa,” alisema. Kisha akamtazama Nang Sidring, na sauti yake ikashuka kidogo. “Na safari hii fumbua macho, dada.”

Nilikuwa karibu kiasi cha kusikia meno yake yakigongana. Akalisogelea jeneza. Akafumbua macho, akamtazama mjomba wangu usoni, mtu aliyempulizia supu miaka yote ile, na machozi yakamtiririka lakini macho hakuyafumba.

“Samahani, Nong Porfing,” alimwambia. “Nakusumbua kidogo tu.”

Akaivuta bahasha. Akaichana, akamwonyesha mama yangu ile kofia ya mkulima, akaiweka kando. Akatia Mfalme kwenye bahasha mpya, akamwonyesha shangazi kabla ya kugandisha, akaiweka chini ya mikono. Kisha, huku matone ya kwanza yakianguka, akahesabu karata zilizobaki kwa sauti, moja baada ya nyingine, mbele ya watu wote. Padri alifunika kitabu chake kwa joho akangoja. Hakuna aliyemharakisha.

Likabaki swali la mimi, yaani la ile karata. Kuirudisha kwenye pakiti ingekuwa kuiweka rafuni chini ya jina la marehemu. Kuichoma, mama alisema nitapata homa. Kuitupa mtoni, nitazama. Kuizika peke yake, si ndiyo kunizika? Mzee mmoja alishauri niitafune niimeze, imalizike. Watu wakaanza kubishana kwa dhati kabisa, mvua ikiwanyeshea.

“Nitakaa nayo mimi,” alisema Nang Sidring. Hakutokea wa kumpinga.

Zikafuata siku tisa. Mama alinikataza kupanda ngazi, kula samaki mwenye miiba na kukaa karibu na dirisha. Kazini, wenzangu walikuwa wakinisalimia kwa upole ambao sitausahau, na kwa kweli sikuupenda. Lakini jambo lililonishangaza ni kwamba Nang Sidring, ambaye hakuwahi kuisogelea mashine yangu hatua tano, alileta kigoda chake akakiweka kando yangu. Alikagua pakiti zake akiwa pale, jicho moja kwenye karata na jingine kwenye kisu. Kisu kikishuka, alishtuka. Kilishuka labda mara mia nane kwa siku.

“Nang, rudi kwenye meza yako,” nilimwambia siku ya tatu. “Unanitia hofu wewe kuliko karata.”

“Vizuri,” alijibu. “Uwe na hofu. Mwenye hofu hatii mkono ovyo.”

Siku ya tisa mvua ilinyesha tangu asubuhi, na umeme ukakatika kisu kikiwa nusu ya njia. Nikangoja. Nikachoka kungoja. Kisha nikafanya kile ambacho kila fundi wa kukata amewahi kukifanya na kila fundi wa kukata atakataa: nikaingiza mkono chini ya kisu ili ninyooshe karatasi zilizopinda. Sikumwona akiinuka. Nilisikia tu mkono wa shati langu ukivutwa kwa nguvu kiasi cha kunipeleka chini, na wakati huohuo taa zikawaka, na kisu kikamalizia safari yake.

Kifungo cha shati langu kilikatwa katikati. Ninacho nusu yake. Nang Sidring alikuwa amekaa sakafuni ameushika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili, akihesabu vidole. Alivihesabu mara tatu.

Mama yangu anasema ilikuwa ile karata. Bwana Tabanda alisema ni uzembe wangu, na mwezi uliofuata akanunua mashine yenye kinga, ambayo ndiyo tunayoitumia hadi leo. Mimi nimekaa na swali hilo miaka kumi na moja sijalipatia jibu. Ninachojua ni kwamba wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, na kwamba siku ile nyumbani kwetu tulikula, tukacheka, mama akacheka mpaka akalia.

Baada ya hapo Nang Sidring aliendelea na kazi kama kawaida. Alifundisha wakaguzi saba, wawili kati yao wakakimbia kwa sababu ya hesabu ya tatu. Mwaka 2009 alipewa cheti cha utumishi bora na akaomba akabidhiwe akiwa chini, si jukwaani, kwa kuwa jukwaa lilikuwa na ngazi. Na alipeleka bahasha nyingine nne, macho wazi. Mfalme wa Uru, Malkia wa Pau, na wenzao wawili, kila mmoja na karata yake mwenyewe. Katika karata kumi na mbili za Nong Melecio, kumi zimekwisha kwenda. Zimebaki mbili, yeye na mimi.

Wiki iliyopita nilimsaidia kuondoa vitu kwenye droo yake. Kulikuwa na nyuzi, rozari, jozi tatu za miwani ya zamani, na biskuti alizozificha asiziibe mtu na kisha akasahau kuzila. Chini kabisa kulikuwa na bahasha. Nikaifungua kwa kuwa niliijua ni ya kwangu. Ndani mlikuwa na karata mbili zimefungwa pamoja kwa uzi mwekundu. Nilitarajia kujiona mwenyewe, lakini niliyekutana naye ni yeye, macho yake yale, kama kawaida yakitazama nyuma yangu. Kwa kweli niligeuka. Mimi nilikuwa chini yake.

“Nang,” nilimwambia, “mbona yako umeiweka pamoja na yangu?”

“Haiko pamoja nayo,” alinisahihisha, bila kuacha kufuta droo. “Iko juu yake.”

“Sasa iko juu kwa nini?”

Akatazama mlangoni, akateremsha sauti. “Kile kikija kuchukua karata, Toto, nacho si kitafanya kama wachezaji wote? Kitachukua ya juu kwanza.”

Nilizitazama tena zile karata mbili. “Tangu lini?”

“Tangu jioni ileile ya makaburini.”

“Na hukuogopa?”

Aliacha kufuta. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kama mvua inalowesha.

“Swali gani hilo? Nimeogopa kila siku. Miaka kumi na moja. Hata leo asubuhi nimeogopa.”

Hayo ndiyo mafanikio ya Nang Sidring ambayo hayamo kwenye jalada lake la utumishi, nami nimeona yaandikwe.

Kwa niaba ya idara zote, tunamshukuru kwa kila pakiti aliyoifungua tena wakati sisi tulikwishaifunga, kwa kila mara alipotuudhi, na kwa kila mchezaji huko nje ambaye hakupigwa wala hakuitwa mwizi na hatajua kamwe ni nani wa kumshukuru. Anahamia kwa dada yake huko Guimbal, ambako kuna bustani na, kwa masikitiko yake, mbwa. Kamati imemwandalia zawadi ya pakiti moja ya karata za Nong Melecio, kamili, hamsini na mbili, hakuna aliyetolewa. Tumezihesabu mara tatu. Tunajua atazihesabu tena.

Nang Sidring, ulinieleza kuwa umebakiwa na hofu moja kubwa, kwamba siku yako itakapofika, bahasha atafunga mtu asiyehesabu. Futa hiyo. Nitaifunga mimi, macho wazi, na nitaanza na sura kabla ya idadi. Lakini hatuna haraka hata kidogo na karata yako. Ishi, ule, ulale mchana, uogope unavyotaka.

Ile bahasha sasa iko kwenye droo yangu, kando ya mashine. Na kwa kuwa nakujua, utataka kukagua, basi nakutaarifu mapema usije ukashtuka: uzi nimeufungua, karata nimezipanga upya, uzi nimeufunga. Wewe sasa uko chini. Pumzika, Nang.

Anselmo Jagorin
Idara ya Ukataji